Barafu na Okidi za Ukuta wa Magharibi

Kaka yangu watu walimwita Barafu, na usidhani lilikuwa jina la mapenzi. Alikuwa mhudumu wa mochwari. Aliwaosha maiti, akawafunga taya, akawavika, akawakabidhi kwa wenyewe. Kwa sababu hiyo mtaa mzima uliamini mikono yake ni ya baridi, hasa wale ambao hawakuwahi kuigusa. Akinyoosha mkono kusalimia, mtu anakumbuka ghafla kwamba ameshika ndoo, au simu inaita mfukoni, au kikohozi kimembana. Kuna jirani mmoja, mwanamke mzima na akili zake, alikuwa akimpungia mkono na huku wamesimama wanapumuliana. Siku moja nikamwuliza, "Unampungia, kwani anasafiri?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Mimi ni mdogo wake, tumefuatana ziwa moja. Nashona nguo za wanawake, na mdomo wangu hauna breki. Nikisimulia habari za kaka hasira hunipanda mpaka utosini, kwa hiyo mnivumilie.

Mkewe alifariki mtoto wao akiwa bado anatambaa. Mtoto huyo wa kike tulimlea wawili, mimi na kaka, naye tukamzoea kwa jina la Kipusa. Alikuwa mkia wa baba yake. Baba akienda dukani, yumo. Baba akienda msalani, yuko nje ya mlango anaimba. Njiani alikuwa akimshika baba yake kidole kimoja tu, hiki cha shahada, kwa sababu kiganja kizima hakikuenea mkononi mwake.

Kisha akaanza shule. Watoto wana masikio, na wakubwa wao wana midomo. Haukupita muda wakajua baba wa Kipusa anafanya kazi gani. Wakakataa kukaa naye dawati moja, wakakataa kushika penseli yake. Alasiri moja kaka alimfuata shuleni kama kawaida, akamnyooshea mkono pale getini, mtoto akautia mkono wake kwenye mkoba wa madaftari, akatangulia mbele. Kaka alinihadithia jioni huku anamenya viazi, hakuinua uso.

"Amekua," akasema.

"Amekua wapi, mtoto wa darasa la pili!"

"Basi hajakua. Iko siku atanishika mkono tena mbele za watu. Sina haraka."

Ndicho kitu kimoja tu ambacho kaka yangu alikitaka katika dunia hii. Hakutaka gari, hakutaka ghorofa, hakutaka hata mke mwingine, ingawa nilimletea majina mpaka nikachoka. Alitaka mtoto wake amshike mkono mbele za watu. Ungedhani ni kitu kidogo.

Sasa nije kwenye maua. Ukoo mmoja ulikuja mochwari kumchukua mama yao, wakaja na okidi kwenye chungu, jani nene, maua ya kijani hafifu yenye ulimi mwekundu. Katika vilio na kusukumana wakalisahau kwenye benchi la korido. Kaka akalitunza siku kadhaa akingoja warudi. Hawakurudi, nani atarudi mochwari kwa ajili ya chungu? Akalileta nyumbani akaliweka uani.

Uani kwetu, msinione natia chumvi, ni tanuri. Ukuta wa magharibi unapigwa na jua tangu saa saba mpaka linazama, na usiku ukiuegemea bado unakuchoma mgongo. Lile ua lilitoka nchi ya milima, kwenye ukungu na mablanketi. Kaka alilimwagilia asubuhi, mchana na jioni, maskini, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Majani yakawa manjano, yakalegea, shina likaoza likanuka. Nilimkuta amelichuchumalia.

"Ni ua tu, kaka," nikamwambia.

"Wote wanaokuja kwangu huja wameshakufa," akasema. "Hili ndilo la kwanza kufa mikononi mwangu."



Mwingine angeishia hapo. Kaka akaanza kutafuta okidi. Alizunguka kwenye vitalu vya maua, akiuliza swali moja mpaka wauzaji wakamchoka: "Hili usiku wa joto linaweza?" Hakuuliza rangi, hakuuliza harufu. Wauzaji wa maua ni waongo kuliko sisi mafundi nguo, kila kitu walimwambia kinaweza. Akanunua, yakafa. Akanunua mengine, yakafa. Lakini kila lililokufa alilipasua kwa kisu, akatazama mizizi, akaona limekufa kwa nini. Ile kazi yake ilimfundisha kutoogopa kutazama kilichokufa.

Polepole akaelewa. Udongo hautakiwi, udongo wa moto unapika mizizi. Akasuka vikapu vya waya, akavijaza vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, akavitundika kwenye fito hewa ipite kila upande. Maji ni mara moja, alfajiri, kabla bomba halijapata moto, na yasituame kwenye kitovu cha majani. Mzizi ukiwa mweupe kama fedha una kiu, ukinywa unageuka kijani mbele ya macho yako. Wavu mweusi wa kivuli juu, lakini si mzito, maana okidi ikikosa mwanga inanawiri majani tu na maua huyaoni. Jirani yetu yule wa kupunga alichungulia ukutani akaona mizizi inaning'inia hewani, akasema, "Jamani, hata udongo anawanyima!"

Na kuchagua kwake kulikuwa kukali. Kila kipya alichokipata alikiweka ukuta ule wa magharibi msimu mzima wa joto. Hakukihamisha, hakukionea huruma. Kikinyauka, anakitupa. Kikivumilia, anakigawa vipande viwili, anakipa kikapu chake. Baada ya miaka ukuta mzima ulikuwa umebaki na zile sugu tu. Zilikuwepo za zambarau zenye mizizi mirefu kama ndevu za babu, zilikuwepo za vijiti vilivyovimba kama miwa midogo, zenye maua ya pinki, na moja ya manjano yenye madoa ambayo ilikuwa inachanua hata ukiitukana. Alikuwa akipita asubuhi akizigusa majani kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama unavyompima mtoto homa. Nilijua aliwagusa hivyo hivyo wale wa kazini. Hilo sikumwambia mtu.

Okidi moja tu aliipa upendeleo. Ilikuwa ile ya majani mapana, inayotoa maua meupe yaliyotandaza mbawa kama vipepeo. Muuzaji aliapa kwa roho ya mama yake kwamba inastahimili joto. Kweli haikufa. Ilikaa kwenye bakuli la enameli lenye ukingo wa bluu, kivulini, ikitoa jani zuri baada ya jani zuri, mwaka baada ya mwaka. Lakini ua, hata la dawa, haikutoa.

"Hiyo tasa," nilimwambia.

"Si tasa. Inangoja baridi. Bila majuma kadhaa ya ubaridi haiwezi kusukuma bua la maua. Na hapa kwetu baridi iko wapi?"

Kipusa naye alikua kwelikweli safari hii. Akasoma, akapata kazi ofisini mji wa mbali, akapata mchumba. Akaja nyumbani kututaarifu, mrembo, anang'aa. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Halafu akanifuata kule kule jikoni, akafunga mlango.

"Shangazi, nimewaambia wakwe kwamba baba ni mfanyakazi wa hospitali."

"Hospitali gani hiyo yenye wagonjwa wasiopumua?"

"Shangazi, tafadhali. Mama yake ni mtu wa kinyaa. Akijua, ndoa hakuna. Nakuomba. Si uongo, mochwari iko ndani ya hospitali."

Nilimtazama. Nilimkumbuka yule mtoto aliyerudi kutoka shule akiwa na penseli zake zote, kwa sababu hakuna aliyetaka kuazima. Nikakubali. Kaka naye alipoambiwa alijibu haraka mno, "Hakuna neno, mwanangu. Mimi ni mfanyakazi wa hospitali. Hata kitambulisho kinasema hivyo." Akacheka, tukacheka wote.

Kabla hajaondoka, Kipusa akasimama uani akitazama ukuta. "Baba, nataka maua yako harusini. Lakini meupe. Na wewe ndiye utakayeniingiza ukumbini. Tutashikana mikono."

Laiti mngemwona. Mzee mzima alishika ufito wa vikapu asianguke.

Ukuta mzima hakuna jeupe, isipokuwa ile ya bakuli la enameli. Basi kaka akafanya jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa, na ndilo lililotumaliza. Mtu wa kazi nyingine asingelifanya, na mtu wa kazi ile mwenye akili ya mjini asingelithubutu. Alilibeba bakuli akaenda nalo kazini. Korido ya mochwari ina mashine ya ubaridi, na ina dirisha la juu la vioo vyeupe kama maziwa, vinavyoingiza mwanga bila jua. Chini ya dirisha pana kizingiti kipana, na chini ya kizingiti lipo benchi la wafiwa. Akaiweka okidi yake pale kizingitini.

"Utaleta mkosi," nikamwambia. "Ua la harusi unalilaza na marehemu?"

"Halilali na mtu. Liko koridoni. Na wewe ukiwa umefiwa, umekaa pale unangoja, utapenda kutazama nini? Ukuta?"

Majuma yalipita. Siku moja akaja kwangu mbio, akanivuta kutoka kwenye cherehani na sindano bado iko mdomoni, akanipeleka mpaka koridoni kunionyesha kitu kama kidole gumba cha kijani kinachojitokeza kwenye kwapa la jani. Lilikuwa bua. Likakua, akaliegemeza kwenye waya wa ubavu wa mwavuli mbovu ili lisipinde, wala hakuligeuza bakuli, kwani bua hufuata mwanga na ukiligeuza linajisokota. Lilipojaa vitumba akalirudisha nyumbani kidogo kidogo, kwanza chumba cha ndani, kisha barazani, lisije likashtuliwa na joto likadondosha. Wiki ya harusi likafunguka. Nakwambia, meupe yale yalikuwa meupe mpaka gauni langu nililolishona kwa macho yangu mawili lilionekana limefifia.

Gauni hilo. Kipusa alinipigia simu kuniongezea kazi. "Shangazi, nishonee na glavu. Za lesi, mpaka kwenye kiwiko."

"Kwa joto hili?"

"Wanavaa, Shangazi. Ndiyo mtindo."

Nikashona. Nilielewa, nikauma meno, nikashona. Sikutaka kaka aelewe, lakini siku yenyewe, pale mlangoni mwa ukumbi, yeye ndani ya suti aliyoazima, akaitazama ile mikono ya lesi akatabasamu. "Leo wewe ndiye uliyevaa glavu, si mimi," akamwambia bintiye. Kipusa akatazama chini. Kaka akampa mkono, naye akaushika, na mlango ukafunguliwa.

Akaingia naye. Watu wamesimama, wanashangilia, simu zimeinuliwa juu. Kaka alitembea polepole makusudi, mpiga muziki ikabidi aurudie wimbo. Mkono wa mtoto wake ulikuwa ndani ya mkono wake mbele za watu. Pana kitambaa katikati, kweli, lakini mkono ni mkono. Nililia mpaka wanja ukanifika kidevuni.

Tena siku ile watu wote walimsalimia! Wakwe hawakumjua. Mama wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye pete nyingi, alimpa mikono miwili, "Karibu sana baba, umetulelea mtoto." Wajomba, mashemeji, kila mtu alimpa mkono. Kuna wakati nilimwona amekaa peke yake akivitazama viganja vyake kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua aiweke wapi. Ua lake limewekwa kwenye meza ya maharusi, zima zima na bakuli lake, maana alikataa kulikata. Moja tu alilichuma, akambandika Kipusa nywelani kwa mkono wake.

Ukafika wakati wa nasaha na salamu. Mshereheshaji akapitisha kipaza sauti, huyu akasema hili, yule akasema lile, tukapiga makofi. Mara akasimama mwanamke mmoja, mwembamba, kwenye meza za upande wa bwana harusi. Alikuwa jirani wa yule mama wa pete nyingi. Uso wake haukuwa wa harusi. Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba mumewe alifariki ghafla kwenye mji wetu akiwa safarini, akaja kumchukua peke yake.

"Mimi si msemaji," akaanza. "Leo ndiyo mara ya kwanza natoka tangu msiba. Nilitaka kumshukuru baba wa bibi harusi."

Kaka akainua kichwa. Nikaona anamtambua.

"Siku niliyokwenda kumchukua marehemu mume wangu pale mochwari, huyu baba ndiye aliyekuwa amemwosha. Alimvika vizuri, akamchana na nywele. Mimi miguu iliniisha, akanikalisha kwenye benchi, akaniletea maji. Na juu ya benchi palikuwa na ua hili hili. Nalijua kwa bakuli lake, nalijua kwa huo ubavu wa mwavuli. Lilikuwa bado vitumba. Nikamwuliza, litafunguka lini? Akaniambia, siku ya harusi ya binti yangu. Leo nimeingia humu nimelikuta limefunguka. Baba, Mungu akubariki mikono yako."

Alisema kwa mapenzi yote, na ndicho kinachoniuma mpaka leo. Angekuwa adui ningemvaa pale pale, tukabiringishana chini. Lakini yule mama alikuwa ndiye mtu pekee katika ukumbi ule aliyemjua kaka yangu ni nani.

Hakuna aliyepiga makofi. Niliona watu wanatazama viganja vyao chini ya meza. Mmoja alimwaga maji ya kunywa kwenye kitambaa akaanza kujifuta vidole. Mama wa bwana harusi akakaa wima, akavua pete moja, akaitazama, akaivaa tena. Halafu akamwambia mhudumu wa ukumbi, hakupaza sauti ila tulisikia, "Ondoa hicho kitu mezani."

Mhudumu akasita. Mwenye ua ni nani pale? Macho yote yakamwendea bibi harusi. Nikasema moyoni, sema, mwanangu. Sema neno moja tu. Sema, lile ni la baba yangu, liache.

Kipusa akainua mkono, akalitoa lile ua nywelani mwake. Akaliweka mezani kando ya bakuli. Kisha akavua glavu, moja baada ya nyingine, akaziweka juu yake. Akanitazama mimi, si baba yake. "Shangazi," akasema, "litoe."

Nililitoa. Ningefanya nini? Nilipogeuka kumtafuta kaka, kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshapita mlango wa jikoni, katikati ya sufuria na wapishi, asimsumbue mtu. Yule mjane alinikamata mkono kwenye korido ya ukumbi analia, "Nimesema nini jamani? Nimesema nini kibaya?" Nikamwambia hujasema kibaya, mama. Nikatoka na bakuli langu kifuani.

Ndoa ilidumu, kama mnataka kujua. Wakahamia mbali zaidi. Simu za Kipusa zikawa za sikukuu, halafu zikawa za ujumbe. Kaka hakumlaumu hata siku moja, na nilipomlaumu mimi aliinuka akaondoka. Alichofanya ni kuacha kumwagilia. Asubuhi alipita katikati ya vikapu vyake akaenda kazini bila kugusa jani. Nilipotaka kuchukua ndoo akanizuia.

"Ziache."

"Zimekukosea nini?"

"Ziache, nimesema!" Hakuwahi kunipigia kelele kabla ya hapo.

Lakini zilikufa? Hazikufa. Alikuwa amekesha miaka akichagua zile zisizokufa. Ukame ulipozidi, zile za vijiti zikapukutisha majani yote, zikabaki kama kuni, kisha zikachanua kutoka juu mpaka chini, kwani ndivyo zilivyo, zikinyimwa maji ndipo zinatoa maua. Ukuta mzima ukawa pinki na zambarau. Wapita njia walisimama kupiga picha. Kaka alitoa kiti akakaa akiupa ukuta mgongo.

Alikufa msimu wa joto uliofuata, kazini, ameketi kwenye lile benchi la koridoni. Moyo tu. Mwenzake wa zamu alidhani amesinzia. Ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemvika, na akamwingiza kwenye sanduku la baridi ambalo kaka mwenyewe alikuwa akilifuta kila siku.

Nikampigia Kipusa. Alilia, akasema nimsubiri, asizikwe bila yeye. Alikuwa mjamzito, mimba inasumbua, daktari kamkataza safari. Tukangoja. Majuma yakapita tukingoja. Mimi sikujua mikono yangu niifanye nini, cherehani sikuweza hata kuitazama, basi nikalichukua lile bakuli la ukingo wa bluu, ambalo tangu harusi lilikuwa limerudi kwenye majani yake, nikalipeleka koridoni. Mwenzake kaka hakuniuliza kitu. Alisogeza tu pazia la dirisha.

Kipusa alifika adhuhuri moja, tumbo liko mbele, miguu imevimba. Mumewe alibaki getini ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nayo tangu siku ya harusi, nimeyanoa. Lakini aliingia koridoni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga maishani mwake, akaketi kwenye benchi kwa sababu miguu ilimwisha, akainua macho. Kwenye kwapa la jani palikuwa na kile kidole gumba cha kijani.

"Ndilo lile?"

"Ndilo."

"Litafunguka lini?"

Maneno yangu yote yakayeyuka. "Sijui, mwanangu. Aliyekuwa anajua yumo ndani."

Mwenzake kaka akatoka, akamwomba radhi, akampa glavu za kazi kama anavyompa kila mtu anayetaka kuingia kumgusa marehemu wake. Kipusa akazishika, akazitazama kwa muda mrefu. Akanirudishia mimi. Tukaingia. Kaka amevalishwa suti, si ya kuazima safari hii, na nywele zimechanwa. Mwanawe akapekua shuka mpaka akaupata mkono, akakishika kile kidole cha shahada, akakizungushia vidole vyake vyote.

Mbele za watu? Tulikuwa watatu tu, mimi na yeye na mwenzake kaka, ambaye aligeuka akatazama ukuta.

"Ni wa baridi, Shangazi," akasema, analia kama mtoto wa darasa la pili. "Mkono wake ni wa baridi."

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Sasa ndiyo ni wa baridi."